Kamongo Kwenye Ngao ya Mji

Jumatatu, 2 Agosti 1965

Asante Mungu! Nilikuwa juu ya ngazi nikiandika CHAI TAYARI kwenye ukuta wa hoteli alipopita Javan, karani wa Baraza, tangazo mkononi na misumari mdomoni. Nikashuka. Nikalisoma kabla hajalipigilia.

Homa Bay inataka nembo yake. Ngao, rangi, vitu vya kwetu. Lile taji la Malkia kwenye ukuta wa Baraza lifutwe, maana Uhuru unakaribia miaka miwili na taji bado linatutazama. Michoro ipelekwe Jumatatu ijayo. Mshindi atachora nembo yake ukutani, futi sita kwa sita, na jina lake litaandikwa chini.

Jina lake! Miaka kumi na miwili nimeandika majina ya watu wengine katika mji huu. Langu halipo hata kwenye mlango wangu mwenyewe.

Halafu kuna baba mkwe. Mzee Mokaya, baba yake Nyasuguta mke wangu, hajalitaja jina langu tangu tuoane. Miaka sita! Huniita "yule wa rangi." Yule wa rangi yuko? Yule wa rangi amekula? Atashuka kutoka Kisii wiki ya tatu ya mwezi huu kumwona mjukuu wake. Na mzee huyu husoma kila kitu kilichoandikwa ukutani, kwa sauti, hata USIKOJOE HAPA. Akisimama mbele ya Baraza atalisoma jina langu, apende asipende.

Nimemweleza Nyasuguta. Amesema basi chora vizuri, Baba Pamela. Ni hayo tu. Mke mwema, ila siasa haijui. Namshukuru Mungu kwa ajili yake hata hivyo.

Jumatano, 4 Agosti

Shida ina jina. James Machuki. Ndiye anayewachorea Wakatoliki watakatifu wao kule misheni. Watakatifu wa Machuki wanakufuata kwa macho mpaka mlangoni. Mimi yule mtu niliyemchora kwenye kibao cha kinyozi, watu huuliza aliugua nini. Isitoshe, baba mkwe alisema siku ya arusi yangu, kwenye meza yangu, kwamba kijana yule Machuki anajua kusalimia.

Lakini akili ni mali. Mwenyekiti wa kamati ya nembo ni Mzee Dishon, mzee wa kanisa letu. Msabato hasa. Samaki asiye na magamba hapiti mlangoni kwake, Mambo ya Walawi yamekataza. Mwaka jana aliondoka kwenye karamu ya arusi kwa sababu kambare mumi alikuwa kwenye sufuria ya jirani. Sasa, nembo ya mji wa ziwani lazima iwe na samaki. Mimi nitachora ngege, magamba tele. Na Machuki akichora kamongo? Yule samaki mrefu wa matopeni, anayeteleza kama sabuni, gamba hulioni hata ukimtafuta na taa? Kwisha habari yake!

Nikaenda misheni. Machuki akanipa chai na mandazi. Nikaanza. Nikamwambia ngege ni samaki wa kila mtu, umtoe majini, apige mkia mara kumi, amekufa. Lakini kamongo! Jua likikausha kinamasi chote, yeye anajichimbia chini, anafunga kinywa, anangoja. Mvua ikirudi, huyo, anatoka mzima. Huo ndio mji wetu, nikasema. Wenye taji walikuja wakakausha kila kitu, sisi tukangoja chini, leo tumetoka. Nilisema vizuri hata nikasisimka mwenyewe.

Machuki aliweka brashi chini. Akasema hajawahi kupata rafiki wa namna hii. Akanipa nusu kopo ya rangi ya dhahabu iliyobaki kwenye mataji ya watakatifu, nami nikaipokea kwa mikono miwili. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Machuki sasa ana jembe mkononi.

Ijumaa, 6 Agosti

Ngege anaendelea. Magamba mia mbili na kumi na nne. Nayahesabu kwa kuwa Mzee Dishon atayahesabu. Nimeongeza ng'ombe wa Lambwe na hindi lenye punje kwa ajili ya Kegonga, maana madiwani wanatoka mbali. Kila gamba nalipaka dhahabu kwa heshima ya Masara, ambako watu wanaichimba. Diwani wa Masara ana kura moja.

Naandika haraka. Jua limebaki kidole kimoja na magamba arobaini bado. Sabato ikiingia, brashi chini. Kesho Machuki atachora mchana kutwa. Namshukuru Mungu kwa majaribu, ila kwa sauti ndogo.

Jumapili, 8 Agosti

Jana kanisani nilisimama kutoa ushuhuda. Nikamshukuru Mungu hadharani kwa ajili ya James Machuki. Mzee Dishon akaitikia Amina, na baadaye mlangoni akaniambia nina moyo safi, Ndugu Elkanah. Mambo yanaiva!

Leo nimemaliza. Ngege anawaka. Nyasuguta akasema nimkaushie ndani na nifunge dirisha. Nikamjibu chema chajiuza, nikautoa mchoro nje na kuusimamisha kando ya barabara ili watu wauone.

Saa kumi na moja jioni wingu likainuka ziwani. Si la mvua. Ni wale wadudu wadogo wa ziwa, malaki kwa malaki. Wakaiona dhahabu mbichi. Wakatua wote.

Nimewatoa mmoja mmoja kwa sindano ya Nyasuguta. Wadudu wametoka, mabawa na miguu imebaki. Nyasuguta alinishikia taa, na kwa hilo namshukuru. Namshukuru Mungu pia kwamba hawakuwa nyuki.

Jumanne, 10 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Kamati ilikaa asubuhi. Kila mmoja aliitwa aeleze mchoro wake. Nikaanza mimi. Nikataja Walawi sura ya kumi na moja. Nikataja magamba, idadi yake. Diwani wa Lambwe akainuka, akasogea, akauliza kwa upole huyu samaki ameanza kuota nywele lini. Nikasema ni kivuli. Akapuliza. Kivuli kikaruka. Kicheko kilisikika mpaka sokoni.

Machuki akafunua wake. Kamongo amejikunja ndani ya ngao, juu yake matope makavu yenye nyufa, na juu ya matope tone moja la mvua. Kwa kuwa hakuna anayesoma kitabu hiki nitaandika ukweli: ulikuwa mzuri sana. Kisha akaeleza. Maneno yangu, neno kwa neno!

Nikamtazama Mzee Dishon. Nikangoja radi.

Akavua miwani. Akasema kamongo hamli wala hatamla. Lakini simba wa nembo ya serikali naye ana kucha, hana kwato, hacheui, na hakuna aliyewahi kuomba tumle. Nembo si sufuria, akasema. Halafu akasema mwaka wa njaa, yeye akiwa mtoto, kabla kanisa halijafika kwao, mama yake alichimba kinamasi kilichokauka kwa jembe, kutwa nzima, akamtoa kamongo mmoja, mzima. Wakala watoto watano. Wote watano wakaiona mvua. Bila samaki yule, akasema, kiti hiki kingekuwa na mtu mwingine. Akapangusa macho kwa tai yake, na hakuna aliyecheka.

Nami nilitoa chozi. La hasira, nadhani.

Walipotaka kupiga kura Machuki akainua mkono. Akasema maneno yale si yake, ni ya Elkanah, aliyekuja mpaka misheni kumpa bure. Jina langu lisipoandikwa pamoja na lake, atakunja karatasi yake aende nayo nyumbani.

Mzee Dishon akanigeukia. Akaniuliza kama ni kweli nilimpa mshindani wangu wazo zuri hivyo. Nikasema ni kweli. Akauliza kwa nini. Nikasema, upendo. Wakapiga makofi! Diwani wa Lambwe alipiga kuliko wote.

Alhamisi, 19 Agosti

Taji la Malkia limekwenda. Siku tatu tumekuwa ukutani, mimi na Machuki. Yeye amechora samaki, mimi nimechora matope. Alinionyesha jinsi ya kuufanya ufa uonekane una kina. Hakunicheka hata mara moja. Anasema hajaona matope ya kweli namna hii, na mimi naona hivyo hivyo.

Leo nembo imefunuliwa mbele ya watu wote. Baba mkwe alikuwepo, na fimbo yake. Alianza kusoma saa za ofisi kwenye mlango. Kisha akafika kwenye ngao. Chini yake, kwa herufi nyeusi: MKONO NI WA JAMES MACHUKI. Akasoma hiyo kwa furaha, nikaangalia viatu vyangu. Akasogea hatua moja.

"Wazo ni la Elkanah Obuya," akasema. Kwa sauti. Mbele ya watu.

Akamgeukia Nyasuguta, akamwuliza kwa Kigusii kama huyo ni huyu wetu. Nyasuguta akasema ndiye. Mzee akaja akanishika mkono, akakaa nao muda. Nililia, sioni haya kuandika. Namshukuru Mungu, namshukuru Machuki, namshukuru hata yule diwani aliyepuliza. Sikumbuki kama nimewahi kushukuru hivi bila kuwa na mpango.

Jioni nilikuwa uani nikiosha brashi. Nikamsikia baba mkwe sebuleni akiuliza, yule wa kamongo amekula? Nimepanda cheo!

Jumatatu, 23 Agosti

Baba mkwe amerudi kwao. Nyasuguta amenikalisha. Anajua kila kitu, sijui alijuaje. Amesema Machuki ni mtu mwema na mimi niende nikamwambie ukweli kuhusu kamongo, mambo yaishe. Nimefikiri sana. Amesema kweli. Nimevaa viatu niende misheni.

Njiani nikakutana na Javan na tangazo lingine. Lambwe nao wanataka nembo ya soko lao. Mwenyekiti ni yule diwani aliyepuliza. Na safari hii tangazo linasema jina moja tu!

Nimerudi nyumbani kufikiri upya. Sasa naliona kosa langu. Samaki ana watu wanaompenda, ndiyo maana nilishindwa. Nilipaswa kumchagulia Machuki mbung'o! Diwani huyu amefiwa na ng'ombe kumi na mmoja kwa sababu ya mbung'o. Hata kumsikia hataki. Kesho nitakwenda misheni kunywa chai. Nitamwambia Machuki kwamba mbung'o, mdogo hivyo, ndiye aliyelinda bonde la Lambwe tangu zamani. Wageni wenye bunduki waliliona, wakalitamani, wakaumwa, wakarudi walikotoka. Askari asiyelala wala kudai mshahara.

Mimi nitachora ng'ombe mnene. Nimebakiza dhahabu ya kutosha pembe zote mbili. Nyasuguta amesema nimkaushie ndani. Nimemweleza kwamba wadudu wa ziwa walifuata samaki, ng'ombe hawana habari naye.

Yale maneno ya mbung'o nimeyajaribu peke yangu uani, nikasisimka mwenyewe. Asante Mungu kwa ajili ya Machuki. Katika mji huu wote, ni yeye tu anayenisikiliza mpaka mwisho.