Dhahabu Inayoelea

Tumbo la Denzil Crabtree lilikuwa limeanza kuongea peke yake. Tangu asubuhi halijapata kitu ila kahawa tupu, naye amekaa kwenye mgahawa mmoja wa mji wa Moab, Marekani, akijifanya anasoma gazeti ambalo mtu alilisahau mezani. Tumbo linalalamika, masikio yako kazini. Ndipo akamsikia mzee mmoja mnene, mwenye shati la maua, akimuuliza mama wa kofia ya ukili aliyekaa naye kaunta:

"Nahodha, nikiokota kitu huko korongoni, kitu cha zamani, tuseme kinachong'aa, kinakuwa changu?"

"Huko huokoti hata jiwe, Daktari," mama akajibu. "Ni hifadhi ile. Ulichoingia nacho mtoni ndicho unachotoka nacho, pamoja na ulichokula jana."

"Na kama hakuna aliyeona?"

Denzil akalikunja gazeti taratibu. Manabii waliitwa kwa moto na ngurumo. Yeye aliitwa kwa swali hilo.

Tumjue kwanza. Denzil aliwahi kuuza kisima kikavu mara mbili, mara ya pili akimuuzia shemeji wa mnunuzi wa kwanza. Pochi ya mtu hakuisahau kamwe, ila sura zilimpita tu. Mali yake yote duniani ilikuwa pikapu moja nyekundu iliyobonyea mlango, ambayo ndiyo ilikuwa kitanda chake, kabati lake, na zaidi ya yote, ndiyo ilikuwa kona yake. Maana mjanja wa mjini hali kwa maneno peke yake. Anakula kwa maneno halafu anakata kona. Bila pikapu ile, Denzil alikuwa mtu mwongo tu anayesubiri kupigwa.

Kutoka meza yake hadi kaunta ni hatua chache, na ndani ya hatua hizo jambazi Lazarus Crump alizaliwa, akakua, akaiba dhahabu ya mgodi, akakimbilia Korongo la Cataract, akafa.

"Samahanini," Denzil akasema, mkono kifuani. "Mimi ni Profesa Crabtree, wa historia. Nimesikia mnataja korongo, moyo ukanipasuka. Miaka ishirini namtafuta Crump."

Yule mzee alijitambulisha kuwa ni Orval, daktari wa meno, na pembeni yake alikaa mkewe Merlene, mwanamke mwembamba, macho makali, maneno haba. Denzil akampa mkono, akamwita shemeji papo hapo. Mama wa kofia aliitwa LaRue, mwenye boti, na wote mtoni humwita Nahodha. Alimtazama Profesa kuanzia viatu mpaka nywele.

"Nina nafasi moja," akasema. "Siku tano kwenye maji, kulala mchangani. Hulipi. Utatusimulia historia na utasaidia kubeba choo."

Denzil akacheka. Alidhani ni utani.

Haukuwa utani. Kule korongoni huruhusiwi kuacha kitu, kwa hiyo choo husafiri na wenyewe: masanduku ya chuma ya kijeshi, unafungua moja, unaweka kiti juu, unakaa unatazama mandhari. Likijaa linafungwa kwa komeo, linapakiwa botini, linafunguliwa jingine. Walipokuwa wanaanza safari, askari wa hifadhi aliyahesabu kwa kidole. "Matatu yanaingia, Nahodha. Matatu yatoke."

"Yatatoka, afande."

Binamu wa LaRue akachukua pikapu nyekundu, kwa ufunguo wa akiba, kuizungusha kwa barabara hadi Hite, mwisho wa safari, na boti la mpira likasukumwa majini na hao watu wake wanne.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda kama yamepakwa siagi. Mto mpole, kuta nyekundu zimesimama huku na huku, na Denzil akatoa ramani. Aliichora mwenyewe ndani ya pikapu, akaitia madoa ya kahawa, akaichoma pembe kwa kiberiti cha gesi. Alama ya hazina aliiweka pale lilipodondokea tone kubwa zaidi.

Orval akaishika kwa mikono miwili. "Profesa, nusu yangu ni bei gani?"

"Daktari, hii haiuzwi. Ni urithi wa taaluma."

"Mimi siamini benki," Orval akanong'ona, akafunua mkanda tumboni. Sarafu za dhahabu zikametameta juani. Taaluma ikapiga magoti. Kabla boti halijafika kambini, sarafu zilikuwa kiunoni kwa Denzil, ramani iko kwa Orval, na Denzil alikuwa anapiga mluzi.

Mluzi ulikatika wakati wa kula. Alitazama juu, ukuta wa mwamba. Akatazama upande wa pili, ukuta wa mwamba. Simu haina mtandao, barabara hakuna, na aliyemtapeli ameketi mbele yake anatafuna viazi na kumtabasamia. Siku nne zilikuwa bado. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii, Denzil alikuwa amemla mtu mahali pasipo na kona.

Na Orval alikuwa ameamini kupita kiasi, hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Boti likigusa mchanga tu, anashuka na sepetu. "Profesa, hapa panafanana na ramani." Profesa anachimba. "Au pale?" Profesa anachimba pale. Asubuhi anabeba choo, mchana anachimba, ngozi ya pua inabanduka vipande. Jino likaanza kumuuma. Akampanulia Orval mdomo.

"La juu hili," Orval akasema, akichungulia.

"La chini, Daktari."

"Kwa tabibu ni mamoja. Sukutua maji ya chumvi."

Jioni, LaRue akifunua sufuria la chuma kwenye makaa, keki ya pichi inachemka pembeni, Merlene akamuuliza: "Profesa, ile pikapu yako nyekundu umeipata wapi? Zile siku hizi hazionekani."

Hilo lilimfaa. Mtu aliyebeba choo mchana kutwa anahitaji sifa kidogo. "Hiyo, shemeji, ni ya marehemu baba," akasema, akaweka huzuni kwenye sauti. "Alinikabidhi ufunguo akiwa kitandani pake pa mwisho. Aliniambia, mwanangu, usiiuze."

Merlene alimwongezea keki, bakuli likafurika.

Siku ya tatu LaRue alimwonea huruma. "Leo pumzisha mgongo, Profesa. Choo tutabeba mimi na Daktari." Wakafunga kambi mapema, jua bado kali, kesho yake yakisubiri maporomoko makubwa. Denzil akala keki hadi akalala kivulini, mdomo wazi. Aliamshwa na Orval akimtikisa bega.

"Profesa. Tumefika penye alama."

"Alama ipi?" Denzil akasema, nusu usingizini, halafu akakumbuka kuwa ni msomi. "Enhe. Ile alama."

Akachimba kwa uvivu. Sepetu ikagonga kitu, ko.

Ko?

Kikatoka kitu cha pembe nne, kama sanduku, kimeshonewa ngozi kuukuu ya matandiko ya farasi na kuzungushwa kamba iliyochakaa. Kizito. Denzil akaketi chini. Akili ilimwambia: wewe ndiye uliyemzaa Crump, pale mgahawani, kwa njaa. Lakini mikono yake ilikuwa imekikumbatia kitu hicho, na mikono haikutaka kusikiliza. Alikitikisa. Ndani kukasogea kitu polepole, kizito, laini.

"Unga," akanong'ona. "Dhahabu ya unga."

LaRue alikuwa ameshageuka, amewapa mgongo. "Mimi naangalia ndege," akasema. "Sijaona kitu. Lakini sikilizeni. Likifunguliwa ndani ya hifadhi, ni mali ya kale, lazima nimwite askari, na wote tunafungwa. Likibaki limefungwa, ni mzigo kama mizigo mingine."

Basi likabaki limefungwa. Na Denzil akaanza kumtazama Orval kama mtu anayetazama kipande cha mwisho cha nyama mkononi mwa mwenzake. Nusu. Nusu nzima inakwenda kwa mng'oa meno asiyejua la juu na la chini. Dhuluma gani hii? Usiku kucha alijiaminisha: pengine tone lile la kahawa halikudondoka bure. Pengine baadhi ya watu hubuni uongo, na wengine, wenye kipaji, ukweli huwajia ukiwa umevaa nguo za uongo.

Alfajiri akamvuta Orval pembeni. "Daktari, nakuonea huruma. Wewe una kazi, una jina. Askari wakikukuta na kitu hiki, umekwisha. Chukua sarafu zako, nibaki mimi na balaa."

"Sarafu ni zangu tangu mwanzo," Orval akasema kwa upole. "Hazina ni kubwa zaidi."

"Ongeza saa yangu."

"Imesimama."

Denzil akatazama lile sanduku. Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, na ufunguo ukawa mzito kuliko alivyouzoea. "Pikapu," akasema. "Inasubiri Hite."

"Ya marehemu baba?" Merlene akauliza, nyuma yao.

"Angenielewa, shemeji."

Orval akapiga kelele za kukataa kidogo, kwa heshima, kisha sarafu zikarudi kiunoni mwake na ufunguo ukaingia mfukoni.

Maporomoko walianza kuyasikia kabla ya kuyaona. LaRue akasimama kwenye makasia, akayasoma maji, akakaza ukanda wa kofia. "Kila mtu ashike kamba. Profesa, weka hicho kitu chini."

"Siachi."

"Profesa."

"Nahodha, nimeshasema."

Boti likainua pua hadi wakaona mbingu, likatumbukia shimoni, wimbi la rangi ya chai ya maziwa likawafunika wote. Lilipopita walikuwa watatu. Denzil alikuwa mtoni, anazungushwa, kichwa chini miguu juu, na mikono yake haijalegea. Sanduku ndilo lililomtoa. Liliibuka juu kama boya, naye akaibuka akining'inia, anakohoa, analibusu.

LaRue alimvuta botini kwa kola ya jaketi.

"Profesa," Orval akauliza, "dhahabu inaelea?"

Denzil akatema maji. "Hewa, Daktari. Crump alikuwa mtu makini. Aliacha nafasi ya hewa."

Merlene alificha uso kwa viganja, mabega yanatetemeka. Denzil alidhani analilia nusu yao. Kambini, kwa desturi ya mtoni, aliyeanguka hunywa bia kwenye kiatu chake mwenyewe. Denzil alikunywa, mkono mmoja umeshika kiatu na mwingine sanduku, akawaambia hajawahi kuonja kitamu kama hicho. Alilala ameegemeza kichwa juu ya ile ngozi. Aliota anavaa koti jeupe la kitajiri.

Hite ilikuwa inawaka jua. Pikapu nyekundu iko kando ya njia ya boti, na askari wa hifadhi amesimama na kidole chake.

"Masanduku ya choo, Nahodha. Moja, mawili." Kidole kikakaa hewani. "Yaliingia matatu."

LaRue akajikuna shingo, akaangalia ndege.

Kidole kikamgeukia Denzil. "Na wewe mheshimiwa, umekumbatia nini?"

Mali ya kale. Jela. Maisha yake yote alikuwa amejiandaa kwa dakika kama hii: dakika ya kutafuta uongo mmoja ambao hakuna mtu duniani angetaka kuuhakikisha.

"Hili?" akasema, akatabasamu. "Hili ni choo, afande. La tatu ndilo hili. Nimelifunika ngozi kwa ajili ya staha."

Askari akarudi nyuma hatua mbili. "Matatu," akasema. "Sawa. Kalimwage mjini kwenye mashine. Ni la nani?"

"Langu. Langu peke yangu, na mashahidi wapo."

"Tupo," wote watatu wakasema pamoja.

Askari akaenda zake. Denzil akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyeshinda. Hata pikapu ilipoanza kunguruma hakujali. Kwenye usukani alikuwa Merlene, LaRue pembeni yake. Merlene akateremsha kioo.

"Mjini Vernal," akasema. "Kiangazi cha mwaka juzi. Uliniambia unaipeleka kupakwa rangi bure, zawadi ya shindano la redio. Baba aliyeacha pikapu hii ni baba yetu, mimi na LaRue. Tuliiona nje ya mgahawa, tukaijua. Na kadi ya gari bado ina jina langu, maana hukujisumbua hata kubadilisha."

Denzil alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Sura hiyo, ndiyo, ilikuwa mahali fulani nyuma ya pochi ya kahawia. Lakini alikuwa na dhahabu. Akapungia mkono kwa ukarimu.

"Chukueni, shemeji. Mimi nitanunua kumi. Na wewe Daktari, pole na nusu yako."

Orval, ambaye alikuwa anapanda nyuma na mkanda wake wa sarafu, akageuka. "Nisikudanganye, kaka. Meno siyajui. Mimi nina gari la kunyonya vyoo."

Wakaondoka. Vumbi jekundu likapanda, likatua. Jangwani kukawa kimya, joto linachoma kupitia soli za viatu, na Denzil Crabtree amesimama peke yake na utajiri wake kifuani, bado anatabasamu.

Halafu ndani ya sanduku, chini ya ngozi iliyotunishwa na jua, kitu kikaanza kutoa sauti. Sssss.

Tabasamu likabaki usoni kwa kukosa pa kwenda. Yalimrudia, neno kwa neno, yale aliyomwambia askari, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akaingiwa na hofu kwamba huenda amesema kweli.