Ombi la Kutoimwagia Bia Seva ya Barua Pepe

Kwako Doña Primitiva Huallpa,
Mwenye Kiwanda cha Kofia Huallpa, Oruro.

Doña, kwa heshima na taadhima,

Mimi Limbert Ticona, msimamizi wa seva yako ya barua pepe kwa mwaka wa sita sasa, naandika nikiwa na uchungu. Jumanne ijayo ni ya Kanivali, na kreti za bia nimeziona zimeshafika. Nawe ulishasema barua pepe zikikatika tena, nahamia chumba cha mvuke kunyoosha kofia. Basi nisikilize kabla hujafungua chupa.

1. Mwaka jana ulimmwagia Pachamama, mama yetu ardhi, bia kila kona ya kiwanda ili aibariki kazi, kama ilivyo desturi ya Kanivali. Cherehani zilipata matone mawili matatu. Seva ilipata glasi nzima. Nilipolalamika ukanijibu, "Acha ubahili wewe! Nayo ina kiu, si inapiga kazi mchana kutwa?" Tukakaa siku tatu bila barua.

2. Vile vikaratasi vya rangi mlivyoirushia bado vinatoka kwenye feni. Fundi aliyekuja kutoka La Paz aliniuliza kama seva imetoka harusini.

3. Mwezi wa nane barua zilikwama, nikashinda nikisafisha kisanduku cha Don Fulgencio wa mauzo, aliyetunza barua elfu arobaini, nyingi za watu wanaomwahidi urithi. Barua zikaanza kupita. Ofisi nzima ikamshukuru Pachamama. Mimi sikupata hata soda. Zilipokwama wiki iliyofuata, mkaniita mimi.

4. Kwa kuwa sifa ni zake na lawama ni zangu, naomba Pachamama aajiriwe rasmi. Apewe nywila, kitambulisho na simu ya dharura ya Jumapili. Nitakuwa msaidizi wake. Hilo likishindikana, chumba cha seva kifungwe Jumanne na ufunguo ukae kwangu.

Nisalimie mama yako mzazi, Don Fulgencio, na akina dada wote wa chumba cha mvuke.

Mtumishi wako mwenye subira,
Limbert Ticona

N.B. Doña, nimeituma barua hii mara nne tangu asubuhi. Imekwama, pamoja na za ofisi nzima. Nimejaribu kila ninachokijua, na nimeogopa sana. Sasa hivi nimechukua chupa moja kwenye kreti, nimemwaga kidogo sakafuni mbele ya seva, na nimeomba radhi. Ukiisoma, ujue zimepita zote. Futa namba moja hadi nne. Jumanne naomba nimwage mwenyewe, na glasi iwe imejaa.