Adimu Ni Mimi

Kwa Mkuu wa Maabara ya Kemia,

Ndugu Mkuu, shikamoo, na pole na kazi. Mimi ni fundi cherehani, mke wa yule mtafiti wako mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Uzi ni wangu. Nakuandikia kwa adabu, ingawa yamenifika shingoni.

1. Enzi za uchumba, mume wangu aliniita Adimu. Sasa ni mwezi wa nane mfululizo, kila tukikaa mezani hadithi yake ni Adimu kafanya hivi, Adimu kakubali kukaa na Chuma. Nilimnunia wiki mbili nzima nikidhani ni mwanamke, hadi wifi yangu aliponifafanulia kuwa ni madini adimu, na kwamba anayaunganisha na chuma ndani ya molekuli moja ili iwe sumaku. Mwanamke ningemfuata kwake. Madini niyafuate wapi?

2. Na sumaku yenyewe, jamani! Yangu ya kibandani inaokota pini sakafuni masika na kiangazi. Yake haionekani kwa macho, na inakumbuka upande ilioelekezwa ikiwa kwenye baridi kali kushinda friji yoyote. Ikipata joto kidogo tu, imeshasahau. Pini hata moja haijaokota.

3. Ugonjwa huo umemwambukiza. Nyumbani kwetu kuna joto, basi kasahau pedali ya cherehani yangu kwa fundi wa mashine, kasahau siku yetu ya ndoa, na juzi kaniita dada. Dada, mimi!

4. Kwa hiyo naomba umtenganishe na huyo Adimu. Ikishindikana, mume wangu naye umtie humo humo kwenye baridi, maana ndiko kumbukumbu zinakodumu. Hilo nalo likishindikana, nahamia maabara na cherehani yangu. Mimi ndiye niliyetangulia kuitwa hivyo, na jina langu nalitaka.

Nisalimie wote hapo, hata mlinzi anayenizuia getini.

Wako, mwenye subira inayoelekea ukingoni,
Fundi Cherehani

N.B. Nikitafuta bahasha nimefungua daftari lake. Ile molekuli ameipa jina la Mshonaji, na pembeni kaandika kwamba bila mshonaji hakuna kinachoshikamana. Tarehe ni ile ile ya ndoa yetu. Kumbe alikumbuka, mjinga yule! Barua hii ichane, na usimwambie nimelia. Mwambie tu apitie pedali.