Mashine Inanionea

Jumatatu, 3 Machi 2025
Zimebaki siku saba. Jumatatu ijayo saa nne ni mahojiano ya nafasi ya msimamizi wa kitengo cha kemia. Tuko wawili. Mimi Kailemia, miaka ishirini na miwili nikipima damu za watu wa Meru. Na Kagwiria, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika pipeti. Eti naye ameomba!

Leo ilikuwa zamu yake kurekebisha mashine ya kupimia damu ili isome sawasawa. Nikaona mwanya. Nitapima damu ninayoijua, yaani yangu, na mashine ikikosea hata kwa nukta moja, nimempata. Sikuwa nimekula tangu jana jioni. Sukari: 14.2. Mtu mwenye afya hafiki hata sita! Nilikwenda kwa Madam Njoki, mkuu wa maabara, karibu niimbe. Malalamiko nikayaandika kitabuni kwa wino mwekundu.

Madam akapitisha zile sampuli za kujaribia mashine. Zote sawa. Kagwiria akaniuliza kwa upole kama siku hizi ninasikia kiu sana. Nikamwambia hilo halimhusu. Kisha nikaenda kunywa maji.

Jumanne, 4 Machi
Kumbe shida ni dawa ya kupimia! Nimefungua chupa mpya, nikajipima tena. 14.0. Hata mpya ni mbovu.

Madam Njoki anasema malalamiko yakishaandikwa hayafutwi. Jumatatu asubuhi nilete damu yangu ipimwe mbele yake. Sukari ikiwa ya kawaida, basi mashine ilikosea, na Kagwiria ana la kujibu. Ikibaki juu, nimemsingizia mwenzangu, na jopo la mahojiano litaambiwa hivyo. Sawa. Siogopi mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Siku yangu ya mapumziko. Nimekwenda Embu kwa Muchangi, tuliyesoma naye chuo, ana maabara yake. Nimempa kichupa cha damu yangu na jina la Runji, mkulima wa kubuni. Nikasema ni jirani.

Muchangi akatoka na karatasi, hatabasamu. 14.6.

"Mwambie huyo Runji aanze dawa leo leo," akasema. "Asingoje macho yaanze kuharibika."

Nikaahidi kumwambia. Nikacheka kidogo. Njia yote ya kurudi sikucheka. Niliogopa, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Lakini hofu si ushahidi. Ushahidi ni huu: mashine ya Meru mbovu, mashine ya Embu mbovu. Mashine zote zinazozunguka huu mlima ni mbovu. Labda ni baridi.

Jumapili, 9 Machi
Mungu hamtupi mja wake. Baada ya ibada Marete, mdogo wangu, amefika kutoka Kibirichia na gunia la viazi. Mwembamba, analima tangu alfajiri, hajawahi kulazwa hata siku moja. Hiyo ndiyo damu! Nimemwambia kesho nitamfanyia uchunguzi wa bure. Amenishukuru sana, maskini. Kesho kichupa chenye jina langu kitakuwa na damu yake, na Kagwiria atajua hajui.

Jumatatu, 10 Machi
Nilimtoa Marete damu kabla ya chai. Saa mbili nikamkabidhi Madam Njoki kichupa, kifua mbele. Tukasimama watatu mbele ya mashine.

19.8.

Kagwiria akanishika mkono. Madam akaniambia nikae chini, nisiinuke, analeta kiti cha magurudumu.

"Si yangu," nikasema. "Ni ya Marete."

Namba ile niliiamini papo hapo. Sikuuliza kuhusu dawa, wala baridi. Nilikimbia hadi nyumbani na koti la maabara. Nikamkuta mdogo wangu amelala kwenye kochi, ati uchovu wa safari. Saa nne, jopo likiita jina langu, nilikuwa kwenye foleni ya kliniki nimemshika begani. Sijuti.

Jumatano, 12 Machi
Marete ameanza dawa. Daktari anasema tumemwahi. Mimi nimeandikiwa barua ya onyo. Kagwiria ndiye msimamizi, na amri yake ya kwanza ni kwamba nipimwe kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu. Anasema ugonjwa huu hutembea katika familia. Nikamjibu kuwa Marete amefuata upande wa mama. Akaniuliza mama yangu mimi ni nani. Maswali ya dharau! Malalamiko yangu kuhusu mashine bado yapo kitabuni na sitayaondoa.

Jioni nimemfumania Marete nyuma ya nyumba na chupa kubwa ya soda. Sikumwonea haya. Nilimpa somo la nusu saa: kwamba sukari haiumi inapoanza, kwamba damu haidanganyi, kwamba mtu mzima hukubali kipimo chake.

"Na wewe yako ni ngapi?" akaniuliza.

Nikamweleza kuwa yangu ni suala la kiufundi. Soda nikamnyang'anya. Nimeinywa mimi yote, isiharibike.