Ombi la Kumpunguzia Mke Wangu Hewa

Susuni, Tarime

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Uniwie radhi kwa kimya cha miezi minne. Mke wangu, Rhobi, alikuwa hawezi kutembea hata kufika zizini, hivyo sikuwa na malalamiko.

Sasa ninayo. Mlipompa mtungi wa oksijeni wa kumsaidia kupumua anapofanya mazoezi ya kutembea, niliwashukuru kwa mdomo. Leo nalalamika kwa maandishi.

1. Mtungi ni mzito, kwa hiyo naubeba mimi mgongoni. Mpira unaotoka kwenye mtungi hadi puani mwake una urefu wa hatua tatu. Dada Susana, mtaalamu wenu wa mazoezi, ameagiza mbebaji akae nyuma ili amwangalie mgonjwa. Basi mimi, mwalimu mstaafu na mzee wa ukoo, namfuata mke wangu kila asubuhi, nimeunganishwa naye kwa mpira. Jirani yangu Nchagwa huuliza kama napelekwa mnadani, na kwa bei gani.

2. Akikata kona, nami nakata kona. Jumanne alimwona rafiki yake Boke ng'ambo ya shamba la mahindi. Nilipita katikati ya mahindi.

3. Kwa miaka sita alikuwa akianza sentensi na kuiacha njiani kwa kukosa pumzi. Sasa anazimalizia zote, zikiwamo za mwaka wa kwanza.

4. Mmekataza moto karibu na mtungi na moshi karibu na mke wangu. Ugali nausonga mimi. Nimekaa jikoni siku tisa, nakohoa na kutokwa machozi. Mlisema mapafu yake yaliharibiwa na moshi wa kuni. Yeye alikaa humo miaka arobaini bila kumwandikia mtu yeyote barua. Jambo hilo nalo linanikera, ingawa sijajua nimlalamikie nani.

Kwa hiyo naomba hewa ipunguzwe hadi kiasi ambacho mke wangu ataweza kutembea, lakini si kutangulia. Wazee wa ukoo watakaa Jumamosi kuamua ni nani anayepaswa kutangulia njiani. Uamuzi ukipatikana, nitakuandikia.

Rhobi anakusalimu wewe, Dada Susana na wauguzi wote, kwa salamu ndefu ambazo nimezifupisha.

Wako katika utaratibu,
Mwl. Stanslaus Wangwe

N.B. Baada ya kutia saini, tulitoka kwa mazoezi, na mshale wa kipimo cha mtungi ukaingia kwenye alama nyekundu. Rhobi alisimama mara tatu kabla ya kufika migombani. Alianza kuniambia jambo, akaliacha nusu. Nimemketisha kwa Boke, nami barua hii nimeileta mwenyewe. Niko hapa mlangoni kwenu na mtungi mtupu mgongoni. Naomba uliojaa, tena uliojaa kabisa, kwa sababu sentensi ile nataka kuisikia mwisho wake. Wazee hawana haja ya kukaa. Atangulie.