Kochi Lililonikimbizia Mke

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya pili bila mke. Nyumba ina mwangwi. Nimekohoa sebuleni, na kikohozi changu kimenijibu kutoka jikoni.

Niandike ukweli ulivyo, maana mtaani unasimuliwa vingine. Mke wangu hajanikimbia. Amehamishwa. Yuko kwa mama yake, mtaa wa pili, pamoja na ujauzito wetu wa miezi saba. Sababu ni sukari. Na kochi.

Mwezi uliopita mkunga wa kliniki aligundua kwamba mke wangu ana kisukari cha mimba. Akatueleza bila kututisha: apunguze vitamu, ale kwa kiasi, na kila baada ya mlo atembee, kwa sababu misuli ikifanya kazi huitumia sukari iliyomo kwenye damu. Sukari ikiachwa juu, mtoto hunenepa kupita kiasi na kuzaliwa kwake huwa kwa shida. Mke alilisikia neno "atembee". Mimi nililisikia neno "shida". Mimi ni fundi makochi. Mtu nimpendaye akiwa na shida, namkalisha.

Nikamshonea kochi. Sijawahi kushona jingine kama lile! Sponji tabaka tatu, springi mpya, mahali pa miguu, mahali pa kikombe. Akakaa. Akasahau kutembea. Nikajivuna. Jumamosi mama mkwe akaja kutujulia hali, akaketi pale, akashindwa kuinuka. Tulimvuta watu wawili. Aliposimama alitengeneza kilemba chake, akatamka kwamba mwanawe hatalala siku nyingine katika mtego huo. Wakaondoka kwa miguu. Kwa makusudi, naamini.

Sharti ni hili: Ijumaa ni kliniki. Sukari ikiwa imetulia, mke atarudi. Isipotulia, atakaa kwa mama yake mpaka ajifungue.

Sijakalia upande wake wa kochi. Pana kishimo chake. Kinapungua kila nikikitazama, maana sponji nzuri hurudi mahali pake. Laiti ningetumia sponji mbovu!

Jumanne, 4 Juni

Penye nia pana njia. Njia yenyewe ni ile anayopita mke jioni baada ya chakula: anatoka kwa mama yake, anazunguka soko, anapita duka la dawa, anarudi. Nilijificha kwenye kona ya kinyozi, kisha nikajitokeza kana kwamba nami ni mtu wa mazoezi. Nilivaa viatu vya harusi. Vinabana, lakini nilitaka akumbuke.

Nikamwamkia mama mkwe. Marahaba yake ilichelewa mno. Akaniuliza kama naelekea msibani. Nikajibu kwamba natembea kwa ajili ya afya. Akasema vema, mkwe wangu, basi tutembee. Akajiweka katikati yetu kama ukuta.

Wanakwenda upesi wale! Si kukimbia. Mkunga ameagiza mwendo ambao mja mzito anaweza kuongea bila kuhema. Mke aliongea bila kuhema. Mama mkwe aliongea bila kuhema. Mimi nilihema bila kuongea.

Na maneno nilikuwa nayo! Kwamba taa ya jikoni imeungua na sijaibadilisha, kwa sababu sina wa kumwonyesha kuwa nimeibadilisha. Kwamba chai ya mtu mmoja haina kipimo. Kila nikiipika inabaki. Sikupata pumzi ya kusema hata moja. Penye duka la dawa nikainama kulegeza kiatu. Nilipoinua kichwa, migongo yao ilikuwa imefika mwisho wa barabara. Mke akageuka. Akapunga mkono.

Nauwaza mkono ule tangu saa hiyo.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata ufumbuzi! Kasoro si mwendo wangu. Kasoro ni ya barabara: haina pa kupumzikia.

Asubuhi nilimwomba jirani yangu wa karakana, seremala, mbao za vigoda vitatu. Akataka kujua vya nini. Nilipomweleza, aliweka randa chini. Akaniambia, "Fundi, mkeo ameambiwa atembee. Sasa wewe unamshonea matembezi ya kukaa?" Nikamjibu kwamba kila mtu na fani yake. Akacheka hadi akakalia gundi. Stahili yake.

Kigoda kimoja nilikiweka kwa kinyozi, cha pili kwenye baraza la duka la dawa, cha tatu nyuma ya soko. Vyote na sponji, vyote na kitambaa cha rangi aipendayo. Bahati ikaniangukia: mama mkwe alikuwa na kikao cha kikundi chake, na mke akatoka peke yake.

Kwa kinyozi alisema haketi. Nikamwambia kidogo tu. Akaketi. Akasema, "Mume wangu, hiki ni chako. Naujua mshono wako." Lo! Nilisimama wima kama mtu aliyepewa nishani. Kwenye duka la dawa tuliketi zaidi. Nikamweleza habari ya taa. Akacheka, akashika tumbo, kisha akaushika mkono wangu na kuuweka pale. Mtoto akapiga teke. Teke la nguvu! Nilisahau habari zote nilizokuja nazo.

Nyuma ya soko ndiko alikotukuta mama mkwe, akitoka kikaoni. Tumeketi. Kigoda kimoja, watu wawili.

Tulipofika kwa mama mkwe, mke alipima. Kile kimashine cha kuchoma kidole hakina haya: sukari juu. Mara ya kwanza tangu ahamie pale. Mama mkwe hakunigombeza. Aliniuliza tu kama namtaka mke wangu arudi, au namtaka akae. Nimerudi na vigoda vyangu vitatu kichwani, na watoto wa mtaa wananiuliza bei.

Alhamisi, 6 Juni

Sikufungua karakana. Nimekwenda kliniki mwenyewe, kumwuliza mkunga kama jioni moja yaweza kuharibu kila kitu.

Mkunga ni mwanamke asiyepoteza neno. Alisema hatazami siku moja, anatazama mwelekeo. Akasema kwamba hata chakula na mazoezi visipotosha, zipo sindano za insulini, na sindano si adhabu, ni msaada. Akaniuliza kama mke hupata kizunguzungu, maumivu au kutokwa na damu anapotembea. Akipatwa na lolote kati ya hayo asimame na aje mara moja. Nikasema hapana, hajapatwa na lolote. Kisha akaongeza kwamba siku akichoka miguu, yapo mazoezi mazuri ya mikono ambayo hufanywa mtu akiwa ameketi kwenye kiti.

Kiti! Mkunga mwenyewe ametamka neno kiti!

Nilikimbia hadi kwa mama mkwe. Kweli, nilikimbia, na viatu vilikuwa vya kazi. Nikamkuta mke uani amekalia kreti la chupa lililopinduliwa, ameshika chupa mbili za maji, anaziinua na kuzishusha. Mama mkwe anamhesabia kwa sauti. Wanayajua mazoezi hayo tangu wiki iliyopita.

Mke wangu kwenye kreti! Plastiki tupu! Nikaomba nitandike walau kitambaa. Mama mkwe akasema, "Mkwe, ukitandika kitambaa, kesho utaleta sponji. Keshokutwa tutahitaji winchi." Mke akauma mdomo asicheke. Nilimwona. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Nimerejea nyumbani. Kishimo chake kwenye kochi kimekwisha kabisa. Kochi ni jipya, kama halijawahi kukaliwa na mtu. Nimelifunika shuka.

Ijumaa, 7 Juni

Kliniki. Nilifika mapema kuliko mfagiaji.

Sukari imetulia! Mkunga alizipitia namba zote za wiki. Ile ya Jumatano aliipita kama mtu anayekiuka dimbwi. Akampongeza mke, akasema aendelee hivyo hivyo, na kwamba kwa upande wake anaweza kukaa nyumba yoyote aitakayo. Nikamtazama mama mkwe. Hata yeye akasema ahadi ni deni: mchukue mkeo.

Nilikuwa nimekwisha kubeba kikapu chake.

Mke hakuinuka. Tulikuwa ukumbini, kwenye benchi la mbao tupu, fedheha ya kliniki ile. Akaniambia niketi. Akasema kwamba atabaki kwa mama yake mpaka ajifungue.

Nilidhani hajaelewa. Nikamweleza upya: sukari imetulia, sharti limetimia. Akasema ameelewa, na kwamba imetulia kwa sababu hakai na mimi. Akasema, "Wewe unanipenda, baba. Lakini ukiniona nimesimama, unadhani nimeonewa." Akasema kwamba mtoto huyu anamtaka kwa roho yake yote, na miguu ndiyo dawa aliyopewa, na nyumbani kwetu miguu haina kazi. Naye anatamani kurudi, akasema. Kila jioni anatamani. Ndiyo maana anatembea upesi, maana akipunguza mwendo anajikuta amekata kona ya kwetu.

Mama mkwe aligeuka akasoma tangazo la chanjo kwa makini sana.

Nikakiweka kikapu chini. Mke akafuta uso wangu kwa ncha ya mtandio wake, akasema nije kila jioni tutembee, yeye na mimi, mama atabaki nyumbani. Kwa sharti moja tu: nije mikono mitupu. Bila kigoda. Bila mto. Bila kitambaa. Nikaapa.

Jumamosi, 8 Juni

Nimetafakari tangu alfajiri. Nimeelewa. Kumpenda mtu si kumkalisha. Nimemwambia seremala maneno hayo, akanipa mkono na kusema kwamba hatimaye nimekua.

Jioni nitakwenda. Tutazunguka soko. Nitavaa viatu vinavyonitosha, na nitamwambia yale yote niliyokuwa nimeyaweka, moja baada ya jingine, bila kusimama. Natamani jua lishuke haraka!

Amesema mikono mitupu. Itakuwa mitupu kabisa, atakagua mwenyewe. Kuhusu mgongo hakusema neno. Nimeshona mikanda miwili ya begani kwenye kiti chepesi cha kukunja, nimekijaribu mara mbili kuzunguka karakana, na hakionekani sana ukikitazama kutoka mbele.

Sponji nimeweka nyembamba.