Kilo Saba za Rubani

Jumatatu, 3 Machi
Fedheha! Binti yangu, mhandisi, wa kwanza katika ukoo wetu kusomea ndege, kaangusha ndege mara kumi na tisa kabla ya chakula cha mchana. Za kwenye kompyuta, ndiyo. Lakini jirani yangu Mama Nesi alikuwa sebuleni, anakunywa chai yangu na kuhesabu. Kanipa pole. Kasema labda mtoto angejaribu ushonaji. Mwanawe nesi, basi hatupumui!

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza binti kwa upole. Klabu ya ndege za sarakasi imemtaka atafute: rubani akitaka kupinduka angani, aanzie juu kiasi gani asije akajibamiza chini? Jumamosi rubani mwenyewe ataruka mbele ya watu, kwa kimo kitakachoandikwa kwenye ripoti. Nikaitikia tu. Nina mpango.

Jumatano, 5 Machi
Kaenda kuoga, nikakalia kiti chake. Visanduku chungu nzima kwenye kioo cha kompyuta! Kimoja nakielewa: uzito wa rubani, kilo 70. Miaka ishirini nimepima unga dukani, mzigo nitaambiwa na nani? Nikafuta sifuri. Jioni ndege ikapinduka mara thelathini, nyasi haikugusa. Binti akakunja uso, akaandika mita mia tatu zatosha. Mama Nesi alikunywa chai bila cha kuhesabu. Raha iliyoje!

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Ripoti ilibaki kutumwa tu. Binti kasita, kapitia visanduku kimoja kimoja. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Kaniuliza, mama, rubani gani ana uzito wa mtoto mchanga? Yule wa kweli angeanzia mita mia tatu, angekufa. Nikalia. Kasema kila ndege inayoanguka humu inamwonyesha rubani pa kutopita. Karudia hesabu zote. Sasa ni mita mia tatu na sitini.

Jumamosi, 8 Machi
Rubani kapinduka mara tatu, katua mzima, kaja kumshika binti yangu mkono! Na klabu imesifu nini? Zile zilizoanguka! Kumbe aibu yote ile nilijitakia.
Mama Nesi nimemwalika kesho, aje ahesabu vizuri. Binti keshaanza kazi nyingine, ya ndege mbili kupinduka pamoja. Sasa hivi anaoga. Uzito sigusi, nimeapa. Lakini kuna kisanduku cha upepo, kimeandikwa 10. Nimeongeza sifuri mbili. Zitaanguka mpaka Mama Nesi akome.